Hei ya kununua au nyasi zangu za porini? Jibu kwa mfugaji wa Kongwa

Msomaji wetu wa Kongwa, Dodoma, ameuliza hivi: "Nina ng'ombe 40. Watano ni chotara wa maziwa, waliobaki ni wa asili. Nina ekari 60 za malisho ya asili na vilevile tunachunga eneo la kijiji. Kuna muuzaji analeta hei ya Rhodes, anasema ina virutubisho mara mbili ya nyasi zangu. Ni kweli? Ninunue ya kutosha kiangazi chote? Na je, niling'oe pori langu nipande Rhodes?"

Ndugu yangu, nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Hei nzuri, yaani nyasi zilizokatwa zikakaushwa vizuri, inazishinda nyasi zako za mwezi wa tisa. Nyasi zako za mwezi wa pili zinaishinda hei yoyote atakayokuletea. Kwa hiyo muuzaji usimuulize sana ni nyasi za aina gani. Muulize zilikatwa lini. Kununua ya kulisha kundi zima kiangazi kizima, hapana. Kung'oa pori, hapana tena.

Hilo la "mara mbili" nadhani najua linatoka wapi. Nyasi mbichi zina maji mengi: katika kilo 10 ulizokata asubuhi, kilo saba na nusu hadi nane ni maji. Hei iliyokauka vizuri ina maji kama asilimia 12 hadi 15 tu. Sasa chukua nyasi changa zenye protini asilimia 12 ukishaondoa maji yote. Zikipimwa pamoja na maji yake, protini itasomeka asilimia mbili na nusu au tatu. Hei ya asilimia 8 ikiwekwa pembeni yake itaonekana mfalme, kumbe ni maji ndiyo yaliyopimwa. Ndiyo maana sisi wa fani hii hatulinganishi malisho mpaka maji yatolewe kwenye hesabu, tubaki na uzito mkavu. Tarakimu zote nitakazokupa hapa chini ni za uzito mkavu, na mtu yeyote akikutajia asilimia ya protini, swali lako la kwanza liwe: mbichi au kavu?

Jambo la pili ambalo muuzaji hakukwambia ni kwamba Rhodes nayo ni nyasi ya asili. Chloris gayana ni mzaliwa wa Afrika, inaota yenyewe hapa kwetu Tanzania, Kenya na Uganda. Ilichukuliwa, ikachaguliwa mbegu, ikarudi na sifa. Huko kwenu Kongwa porini mna ndugu zake wasio na sifa hiyo lakini wasiopungukiwa kitu: Cenchrus ciliaris, ile yenye suke laini la manyoya kama mkia wa mbweha, jamii za Panicum zinazopenda kivuli cha miti, jamii ya Cynodon inayotambaa karibu na maboma ya zamani, na Themeda triandra, ile inayogeuka rangi ya shaba ikikomaa, kwenye maeneo ambayo hayajachungwa kupita kiasi. Ukizikata zote siku moja zikiwa katika umri mmoja, tofauti ya protini kati yake ni ndogo kuliko tofauti utakayoipata kwa nyasi ileile ukiikata Februari na ukiikata Julai.

Umri ndio kila kitu. Nyasi za ukanda wetu wa joto hukua kwa pupa. Mvua ikinyesha, wiki tatu za kwanza zinakuwa majani matupu: protini asilimia 10 hadi 14, wakati mwingine zaidi, na ng'ombe anaweza kumeng'enya asilimia 60 na zaidi ya alichokula. Zikianza kuchanua, shina linaanza kuchukua nafasi ya jani, protini inashuka hadi 7, 8, labda 9. Mbegu zikishakomaa, chakula kinahamia kwenye mbegu na mizizi, na shina linajaa lignini, yaani ule ugumu unaofanya mti uwe mti. Hapo protini ni 5. Kiangazi kikikolea, nyasi zimesimama rangi ya nyasi za kuezekea, utapata 3 au 4, na mmeng'enyo unashuka kwenye 40 hadi 45 kwa mia. Nyasi zilezile, ekari ileile.

Hei ni nyasi uliyoizuia isizeeke zaidi siku uliyoikata. Haiongezeki ubora ghalani, inapungua tu kidogo. Ikikatwa mwanzo wa kuchanua, utapata robota la asilimia 8 hadi 10. Ikikatwa baada ya mbegu, utapata robota la asilimia 4 hadi 6, na hakuna namna ya kulifunga wala kulihifadhi itakayolirudisha juu.

Na hapa kuna kitu ambacho wafugaji wengi hawaambiwi. Baadhi ya hei ya Rhodes inayouzwa inatoka kwenye mashamba ya mbegu. Mwenye shamba kaacha nyasi zikomae, kavuna mbegu, kauza mbegu kwa bei nzuri, kisha mabua yaliyobaki kayafunga marobota. Robota limenyooka, kamba imekaza, limekauka vizuri, halina ukungu. Kwa lishe halipishani sana na mabua ya mpunga. Mwenye shamba hana kosa, yeye anauza alichonacho. Tatizo ni pale robota hilo linapouzwa kwa bei ya hei iliyokatwa mwanzo wa kuchanua.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwombe afungue robota moja. Kata kamba, usitazame nje, tazama katikati. Nje jua limepiga, kila robota linakuwa la njano. Ndani unataka rangi ya kijani iliyofifia. Chukua konzi moja, tenga majani upande huu, mashina upande huu. Kama majani ni nusu au zaidi, unaongea na hei. Kama umebaki na vijiti na mashuke matupu yaliyokwisha pukutisha mbegu, unaongea na mabua. Suke nalo lina habari: suke bado limefumba au lina chavua, lilikatwa mapema, suke limebaki uti tu, lilikatwa limezeeka. Vunja shina. Likipinda bila kukatika na ukahisi ubaridi kiganjani, bado lina maji. Hei iliyofungwa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 20 inapata joto, inaota ukungu, na ikirundikwa kwa wingi inaweza hata kushika moto yenyewe. Pigapiga konzi hiyo: vumbi jeupe likiruka na harufu ya stoo yenye unyevu ikikupanda puani, achana nayo, hasa kwa ng'ombe wenye mimba. Halafu pima uzito. Robota la mashine nyingi ni kama kilo 15, lakini nimeona mepesi kuliko hapo na mazito kuliko hapo yakiuzwa bei moja. Nunua kwa kilo, siyo kwa robota.

Sasa tugeukie upande wa nyasi zako, maana nazo zina siri yake. Tukikata sampuli ya malisho ya porini kwa mundu tukaipeleka maabara, tuseme Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, majibu yatakuja labda protini 5. Mfugaji anasikitika. Lakini ng'ombe hali kwa mundu. Ana ulimi. Anapita juu ya shina, anazungushia ulimi majani, anayakata, anaacha kijiti. Anaonja kijimaharage cha porini hapa, chipukizi la kichaka pale, ganda la mgunga lililodondoka. Mlo anaouchagua unakuwa na protini ya juu kuliko wastani wa eneo alilosimama, alimradi eneo lina majani ya kuchagua. Hilo sharti la mwisho ndilo lenye uzito. Kundi likiwa kubwa kuliko eneo, siku chache tu majani yote yameisha, wamebaki na vijiti, na hiyo faida ya kuchagua imekufa. Kwenye hei hakuna kuchagua kwa kiasi hicho: aliyekata ndiye aliyemchagulia ng'ombe. Akikata vizuri, amemchagulia vizuri.

Udongo nao una neno lake. Tambarare za nyasi fupi kusini mashariki mwa Serengeti, zilizofunikwa majivu ya volkeno, nyasi zake hazifiki goti lakini zimejaa kalisi na fosfora, na ndiyo maana nyumbu wanakwenda kuzalia kule kila msimu wa mvua badala ya kubaki kwenye nyasi ndefu za kaskazini na magharibi. Urefu na wingi havikuwadanganya. Sisi tunaoangalia shamba la nyasi zilizofika kifuani tukasema "malisho yapo", nyumbu wanatushinda.

Twende kwenye tumbo la ng'ombe, maana hapo ndipo hesabu yako ya fedha itakapopatikana. Lile tumbo kubwa la kwanza ni pipa la kuchachushia. Anayemeng'enya nyasi siyo ng'ombe mwenyewe, ni vijidudu vinavyoishi humo kwa mabilioni. Vijidudu hivyo vinahitaji naitrojeni ili vizaliane, na vinaipata kwenye protini ya malisho. Malisho yakishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini, vijidudu vinapungua, nyasi zinakaa tumboni siku nyingi bila kuvunjwa, tumbo linabaki limejaa, na ng'ombe anaacha kula. Ndiyo maana Oktoba unamwona ng'ombe amelala ametulia, tumbo limetuna, nyasi kavu zimemzunguka, na bado mbavu zinahesabika. Anakufa njaa ameshiba.

Huhitaji maabara kulitambua hilo. Tazama kinyesi. Wakati wa masika ni laini, kinatandazika, kinameta. Protini ikipungua kinaanza kukaza, kinasimama kwa matabaka, pete juu ya pete, na ukikipasua na kijiti unaona nyuzi ndefu za nyasi ambazo hazikuguswa. Siku utakayoona kinyesi cha pete kwenye ng'ombe zaidi ya nusu ya kundi, malisho yako yameshuka chini ya ule mpaka wa 7. Usingoje mbavu; mbavu zinachelewa kwa wiki kadhaa.

Sasa fedha. Ng'ombe wa asili wa kilo 250 anakula kwa siku uzito mkavu kama asilimia mbili na nusu ya uzito wake, yaani kilo 6 na kidogo, sawa na kilo 7 za hei. Tufanye wote 40 ni wakubwa: kilo 280 kwa siku, marobota 18 au 19 ya kilo 15. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba ni zaidi ya marobota 3,300. Zidisha kwa bei aliyokutajia, kisha uone ni ng'ombe wangapi utawauza ili kuwalisha waliobaki. Ukifika hapo utajua kwa nini nimesema hapana.

Badala yake jiulize kitu gani hasa kinakosekana kiangazi. Kwako wewe mwenye ekari 60 pamoja na eneo la kijiji, kwa kawaida nyasi kavu za kujaza tumbo zipo, japo duni. Kilichokosekana ni protini ya kuviamsha vile vijidudu. Na Dodoma ni nchi ya alizeti. Mashudu ya alizeti kutoka viwanda vidogo vya kukamua yana protini asilimia 20 hadi 30, kutegemea maganda yamebaki kiasi gani. Tuchukue 25. Kilo moja ya mashudu inampa ng'ombe protini kama gramu 230 au 240. Kupata kiasi hicho kwenye hei nzuri unahitaji kilo 3. Kwenye hei iliyozeeka unahitaji kilo 5 na zaidi.

Angalia inavyofanya kazi. Ng'ombe anayekula kilo 4 na nusu za nyasi kavu zenye protini 3.5 anapata gramu 158 hivi kwa siku, na mlo wake wote uko nusu tu ya ule mpaka. Mwongezee kilo moja ya mashudu: protini inafika karibu gramu 390, mlo wote unagusa 7. Vijidudu vinaamka, tumbo linasukuma, na ng'ombe huyohuyo anaanza kula nyasi kavu nyingi zaidi ambazo jana alikuwa anazikataa. Hiyo ndiyo faida ambayo muuza hei hawezi kukuuzia: mashudu yanakufanya utumie malisho ambayo tayari unayo bure. Hata nusu kilo kwa siku kwa ng'ombe wa asili asiyekamuliwa inabadilisha kinyesi. Chunga tu mashudu yawe makavu, yasiyoota ukungu, na usimwage yote mbele ya kundi, dume mmoja akale ya watano.

Kanuni ya bei basi ni hii: linganisha kilo moja ya mashudu na kilo 3 za hei nzuri. Chochote kilicho rahisi zaidi kwa siku hiyo ndicho cha kununua, ilimradi nyasi za kujaza tumbo bado zipo. Zikiisha kabisa, kama ilivyowakuta wafugaji wa Longido, Monduli na Kajiado kwenye ukame wa 2009, mashudu peke yake hayaokoi. Hapo unahitaji kitu cha kujaza tumbo, na hei hata ya mabua inakuwa dhahabu. Lakini wakati huo nayo bei inakuwa ya dhahabu, kwa hiyo ni vyema kupunguza kundi Juni, ng'ombe wakiwa na nyama, kuliko kununua hei Novemba.

Hei ina wateja wake pale kwako. Wale chotara watano: ng'ombe anayetoa lita 8 kwa siku anahitaji mlo wenye protini kama asilimia 12 na nishati ya kutosha, na kumtembeza kilomita nyingi kutafuta nyasi zenye protini 4 ni kumchomea maziwa njiani. Hao wapate hei nzuri wakiwa bandani, kilo 4 hivi kila mmoja juu ya kile wanachochunga jirani, na mashudu kilo 2. Ndama walioachishwa nao wapate, maana tumbo lao dogo halina nafasi ya kubebea mabua. Na ng'ombe wa asili aliyezaa kiangazi, kama yupo. Tuseme jumla wanyama 11 au 12. Hapo hesabu inashuka kutoka kilo 280 hadi kama 30 kwa siku, marobota mawili.

Kabla sijasahau maji: ng'ombe aliyetoka kwenye nyasi mbichi alikuwa anakunywa nusu ya maji yake kwa kula. Ukimhamishia kwenye hei, atahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku kutegemea joto na ukubwa wake. Hei bila maji ya kutosha haliwi, utamlaumu muuzaji bure.

Kuna mambo mawili ambayo hei na nyasi kavu za porini zote zinashindwa, na hakuna mzani wa protini utakaokuonyesha. La kwanza ni vitamini A. Ng'ombe anaitengeneza kutoka kwenye karotini, rangi ya njano iliyojificha ndani ya ukijani wa majani mabichi, na jua linaiua. Hei iliyokaukia kivulini na kubaki na ukijani inaihifadhi kiasi. Iliyoanikwa juani wiki nzima haina. Ng'ombe anahifadhi akiba kwenye ini na kwa kawaida inamvusha kiangazi cha kawaida, lakini kiangazi kikirefuka utaona ndama wanajikwaa jioni na kugonga milango ya zizi. Matawi mabichi ya miti, hata kidogo, yanasaidia.

La pili ni fosfora. Nyasi zikikauka fosfora inapungua sana, na ng'ombe wanaanza kutafuna mifupa, ngozi kavu, hata mawe. Wengi wanalichukulia kama tabia tu. Siyo tabia. Afrika Kusini mwanzoni mwa karne iliyopita, Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyeanzisha kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo cha Onderstepoort mwaka 1908, alifuatilia ng'ombe waliokuwa wanapooza na kufa na akaonyesha mnyororo mzima: udongo hauna fosfora, nyasi hazina, ng'ombe anatafuna mizoga, na kwenye mizoga kuna sumu ya botulizimu. Chokaa ya mifupa iliyotayarishwa kiwandani pamoja na chumvi, au jiwe la madini la kulamba lililoandikwa lina fosfora, ndilo dawa. Magadi peke yake hayana fosfora. Wafugaji wetu wengi wanaweka magadi wakidhani wamemaliza kazi.

Sasa, badala ya kununua hiyo hei, itengeneze. Pale Kongwa mvua zinaanza Desemba na kwisha Aprili, na katikati, mara nyingi Februari, kuna wiki kavu. Hiyo ndiyo nafasi. Tenga ekari kama 10 zenye nyasi nene, usiziingize ng'ombe tangu mvua ianze. Zikianza kuchanua, wastani shuke moja kwenye mashina matatu au manne, kata kwa fyekeo au mundu, acha kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini. Geuza mara mbili kwa siku, siku mbili au tatu zinatosha, kisha sogeza kivulini. Usifunge mpaka shina likatike ukilisokota. Kasha la mbao lisilo na kifuniko wala sakafu, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, linatosha kukupa marobota ya kilo 20 hivi: tandika kamba mbili za katani, jaza, kanyaga, funga, nyanyua kasha. Panga juu ya magogo, siyo chini. Mchwa wa Dodoma unawajua kuliko mimi. Ukikata mapema hivyo utapata pengine marobota 20 hadi 25 kwa ekari, na mvua za Machi zitachipua eneo lilelile tena. Anayekata Mei anapata marobota mengi zaidi, lakini ya mabua, na ardhi yake haichipui tena mpaka mwaka ujao.

Najua kwa nini watu hawafanyi hivyo. Februari ndiyo palizi ya mtama na alizeti, mikono yote iko shambani. Ndiyo maana hei nyingi ya vijijini inakatwa Mei: siyo kwa ujinga, ni kwa kukosa watu. Ukiweza kulipa vijana wanne kwa wiki moja ya Februari, utakuwa umelipa pungufu kuliko unavyotaka kumpa muuzaji huyu. Kama huwezi hata hilo, kata ekari 3 tu, za ndama. Na nyasi ile yenye mbegu zenye mkuki unaojisokota, Heteropogon, ikate kabla ya mbegu au usiikate kabisa. Mbegu zake zinachoma midomo na ngozi.

Ekari 50 zinazobaki, ziache zisimame. Usizichunge masika, tumia eneo la kijiji wakati huo, kisha zifungue Agosti kipande kwa kipande, siyo zote kwa mpigo. Wasukuma wanaita ngitili, Wamaasai wana alalili yao, na wote walilijua hili kabla ya chuo chochote. Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 ngitili zilikuwa zimebaki hekta mia kadhaa tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Nyasi za ngitili kwa protini ni duni, nisikudanganye, ni zile 4 zetu. Lakini zipo, ng'ombe anazichagua mwenyewe, hazikugharimu kamba wala gari, na chini ya migunga zinadondoka zile ganda zenye protini zaidi ya mara tatu ya nyasi. Zile ganda ziokote, zitwange kidogo, maana punje nzima nyingi zinapita tumboni zikatoka zilivyoingia. Ukiunganisha ngitili, mashudu na ganda za mgunga, umemaliza habari ya ng'ombe wa asili.

Kuhusu kung'oa pori upande Rhodes. Rhodes inapenda mvua ya milimita 600 na zaidi. Kongwa mwaka mzuri mnaigusa, mwaka mbaya hamuifikii. Nyie mna historia yenu na plau: Waingereza walikuja hapo 1947 na mradi wa karanga, wakang'oa pori kwa matrekta, udongo ukakauka ukawa mgumu kuvunja majembe, mvua zikawasaliti, na 1951 mradi ukafungwa. Sehemu ya ardhi ile ikaishia kuwa ranchi, ikarudia kile ilichokuwa inakiweza, nyasi na ng'ombe. Pori lako lina nyasi zinazotangulia kuota na zinazochelewa, maharage pori, vichaka, miti ya ganda. Ukilima unabadilisha yote hayo kwa nyasi moja ambayo ikikosa mvua ya mwaka wa kwanza unabaki na vumbi.

Panda pale palipo na vipara tu, na panda Cenchrus, ambayo ni ya hapohapo na inavumilia ukame. Kilo 2 za mbegu kwa ekari zinatosha. Chimba vijifereji vya kina kidogo kukingama mteremko kabla ya mvua, tupia mbegu, usifukie zaidi ya sentimita moja, kisha tandaza matawi ya miiba juu ili mbuzi wasifike na upepo usibebe. Mbegu zisiwe mpya kabisa: mbegu ya Cenchrus iliyovunwa juzi imelala, inahitaji kukaa stoo miezi sita au zaidi ndipo iote vizuri, na wengi wamemlaumu aliyewauzia kumbe walipanda mapema. Kituo cha TALIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa mifugo, pale Mpwapwa kiko jirani yako, waulize kama wana mbegu za msimu uliopita. Mwaka wa kwanza usiingize ng'ombe kwenye vipara hivyo mpaka nyasi zimwage mbegu zake mwenyewe.